Dawa Isiyogawika

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache. Mtaa mzima ulimwita Bi Nusu, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na ndani yake palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za umeme, beseni la wanga, na kamba iliyojaa mashati ya watu, yamening'inia kimya kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Nusu lilitokana na tabia yake. Hakuwahi kula kitu kizima. Ukimkuta na mkate, alikumegea kabla hujaketi. Akimenya chungwa, upande mmoja ulikuwa wa yeyote aliyesimama karibu, hata kama ni mteja aliyekuja kugombana juu ya suruali iliyofifia rangi. "Kitu kizima hunikwama kooni," alikuwa akisema, na mteja angejikuta anatema mbegu za chungwa na suruali ameisahau.

Haya nimeyapata kwa wifi yake, ambaye hasimulii jambo bila kulitia chumvi, kwa hiyo chumvi nimeipunguza nilipoweza. Lakini habari ya figo haina chumvi, hiyo wote tunaijua.

Miaka mingi nyuma, mdogo wake, fundi saa, aliugua figo zote mbili. Huyu alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na Bi Nusu aliendelea kumwita Kitinda hata alipoota mvi. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine na kurudi nyumbani amesinyaa kama nguo iliyokamuliwa. Bi Nusu alimtazama akipanda ngazi kwa kushika ukuta, kisha akaenda kwa daktari peke yake, bila kumuaga mtu.

"Mimi ninazo mbili," alimwambia. "Ya pili ya nini?"

Wakapimwa, wakapimwa tena, mwisho damu zikakubaliana. Walilazwa siku moja, vitanda viwili. Alipozinduka, swali lake la kwanza kwa muuguzi lilikuwa, "Inakojoa?" Ilikuwa inakojoa. Muuguzi alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko.

Tangu hapo Kitinda alimeza dawa kila siku ili mwili wake usiikatae figo ya dada. Dawa hizo zilimweka hai, ila zilimshushia kinga. Mafua ambayo kwa mwingine ni kero ya kupangusa pua, kwake yangeweza kumlaza hospitali. Ndiyo maana ndugu hao walihamia nyumba moja, ili mmoja amwangalie mwenzake. Katikati palikuwa na ua, vyumba vya Kitinda na mkewe vikiwa upande wa ndani, cha Bi Nusu upande wa barabara, na kamba za kuanikia zikikatiza kutoka ukuta hadi ukuta.

Mke wa Kitinda alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Yeye na Bi Nusu walitaniana kama mawifi wanavyotaniana.

"Wifi, ulinioza mume aliyekarabatiwa," angesema.

"Basi mtunze. Ana kipuri changu ndani."

Msimu mmoja wa baridi mafua yalizagaa mtaani. Wateja walileta mashuka yaliyolowa jasho la homa, wakakohoa juu ya meza ya pasi, wakaenda zao. Bi Nusu aliamka siku moja na koo linalokwaruza, akapiga chafya mara kadhaa, akasema ni vumbi. Akajikaza kisabuni. Mashati ya ofisi yalikuwa yanangojewa, na ahadi ni deni.

Kabla ya mchana alikuwa akipiga pasi mkono wa shati jeupe pale kichwa kilipoanza kumgonga kwa nyundo. Viungo vilimuuma vyote kwa pamoja, mpaka ngozi ya kichwa ilikuwa inauma. Akaona shati linakuwa mawili. Alipata akili ya kuchomoa waya wa pasi, na hapo miguu ikamwishia. Wifi yake alimkuta ameketi juu ya furushi la mashuka machafu, anatetemeka, macho mekundu.

"Ni mafua tu," Bi Nusu alisema, meno yakigongana. "Nichemshie maji nilale."

Kitinda alikuwa ameshatoka chumbani kwake mbio. Mkewe alimnyooshea mkono wa kumkataza. "Ishia hapo hapo. Wewe usimsogelee."

Kitinda akasimama ng'ambo ya ua, kitambaa usoni. "Dada, mafua ya kawaida hubisha hodi," alisema. "Haya yamevunja mlango. Kule kliniki yangu wanatuambia kila siku, homa ya mafua ina dawa yake, lakini inataka kuwahiwa. Nenda leo."

"Kesho nikiamka na nguvu..."

"Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo."

Mawifi wawili walichukua teksi, madirisha yote wazi, dereva analalamika upepo. Hospitali walipokewa na daktari kijana, mwanamke mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa fupi. Alimwingiza Bi Nusu kijiti cha pamba puani mpaka machozi yakamtoka, akaenda nacho, akarudi. Ilikuwa homa ya mafua kweli.

"Mama, una ugonjwa mwingine wowote? Sukari, moyo, figo? Kuna dawa nyingine unameza?"

Bi Nusu hakupenda kulisema lile. Akilisema, watu walimwangalia kama ni malaika au kama ni mgonjwa, na yeye hakuwa wala malaika wala mgonjwa, alikuwa dobi. Wifi yake akamkanyaga mguu chini ya kiti.

"Nina figo moja," alisema. "Nyingine niligawa."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Ulimpa nani?"

"Mdogo wangu. Mume wa huyu mwenye kukanyaga watu."

Daktari hakumwita shujaa. Alivuta kiti karibu. "Umefanya vizuri kuniambia. Dawa ninayotaka kukupa hutolewa mwilini na figo. Lazima kwanza nijue hiyo iliyobaki inafanya kazi kiasi gani, ndipo nijue nikupe kiasi gani."

Akachukuliwa damu. Majibu yalipokuja, daktari aliyasoma na kutabasamu kidogo. Figo ile moja ilikuwa inachapa kazi ya mbili bila manung'uniko, kama mwenye nayo. Akamwandikia kapsuli, moja asubuhi na moja jioni kwa siku tano, na ya kwanza akaimeza pale pale, baada ya kipande cha mkate.

"Meza na chakula kila mara, maana tumbo likiwa tupu inaweza kukutapisha," daktari alisema. "Haitakuponya kama kuzima taa. Inavizuia virusi visizaliane, ili mwili wako upate nafasi ya kupigana. Ndiyo sababu hata ukijiona mzima kesho kutwa, unaendelea mpaka mwisho."

"Nyumbani kuna vidonge vya rangi mbili nilibakiza nilipoumwa kidonda. Nivichanganye?"

"Hivyo ni vya bakteria, mama. Kwa virusi havifanyi kitu. Na dawa ya kubakiza si ya kuweka." Akamgeukia wifi. "Akishindwa kupumua vizuri, kifua kikimbana, akitoka upele au uso kuvimba, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje. Mleteni. Na huyo ndugu yake apige simu kliniki yake leo hii. Wao ndio wanaojua figo yake na dawa zake. Kama anahitaji dawa ya kumkinga, watamwandikia yake mwenyewe. Hii ni ya huyu peke yake."

Bi Nusu aliitikia kwa kichwa. Lakini kichwa kilikuwa kinawaka, na katika maneno yote yale aliondoka na moja tu, kwamba Kitinda anahitaji dawa.

Wifi yake alihamia chumbani kwake. Alifunga kitambaa puani, akanawa mikono mpaka ikachubuka, na jiko akamwachia mumewe. "Leo atajua chumvi inakaa wapi," alisema. Ng'ambo ya ua, Kitinda alipiga simu kliniki. Wakamwambia aende kesho yake atolewe damu, na majibu yakishatoka ndipo watakapompa dawa kwa kipimo kinachomfaa.

Kesho. Kwa mtu mwenye homa, neno hilo halina mwisho. Bi Nusu alilala anasikiliza ua. Jua lilipokuwa linashuka akasikia kikohozi upande wa pili. Kikohozi kimoja, kikavu.

Wifi alipomletea kapsuli ya jioni na supu, Bi Nusu alisema, "Weka hapo, nitameza supu ikishapoa." Wifi akatoka kuanua nguo. Bi Nusu akanyoosha mkono hadi kwenye rafu, akafungua kopo la vifungo, vile vifungo vinavyong'oka kwenye mashati ya watu na ambavyo dobi hutunza mpaka mwenyewe avikumbuke, akaichimbia kapsuli humo. Hakuona kama anafanya kosa. Aliwahi kutoa kikubwa kuliko hicho. Nia yake ilikuwa kuzitia mfukoni mwa shati la Kitinda zikishakuwa kadhaa, azikute mwenyewe.

Siku ya pili alimeza ya asubuhi bila kula, akatapika, ya jioni akaificha tena. Homa haikushuka. Alikohoa mpaka mbavu zikauma, na wifi yake, ambaye alishaanza kutarajia nafuu, akaacha utani. Alikaa kitini akimtazama anavyopumua.

Siku iliyofuata, mchana, wifi alitafuta kitu cha kuishughulisha mikono. Shati moja la mteja lilikosa kifungo. Akashusha kopo, akalimimina mapajani, na katikati ya vifungo vyeupe na vya kahawia zikadondoka kapsuli mbili.

Hakupiga kelele. Alizitazama, akamtazama Bi Nusu, akaelewa. "Wifi," alisema polepole, "hizi ni za nani?"

Bi Nusu alifumba macho. "Za mdogo wangu."

Wifi alisimama, akasogeza pazia, akafungua dirisha linalotazama uani. Mashuka yalikuwa yameanikwa, na nyuma yake Kitinda alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kliniki, mkoba begani.

"Baba, vuta kigoda ukae mbele ya mlango wako," mkewe alimwita. "Hapo hapo, usisogee zaidi. Msikie dada yako alichofanya."

Akamweleza. Kitinda aliketi. Upepo ulinyanyua shuka na kulishusha, na kila liliponyanyuka Bi Nusu aliyaona magoti ya mdogo wake na viatu vyake vilivyopigwa rangi.

"Dada," alisema mwishowe. "Ulitaka kunipa mimi?"

"Nilikusikia unakohoa."

"Nilipaliwa na chai. Nimepika mwenyewe, majani yalijaa kikombe."

"Na hao wa kliniki yako kila siku ni kesho, kesho."

Kitinda aliweka mkoba mapajani. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayefungua saa ndogo ya kike, asiyetaka kitu kiruke. "Unakumbuka walivyotupima kabla hujanipa figo? Walichukua damu mpaka ukawauliza kama wanaiuza."

Bi Nusu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kitinda akangoja kiishe.

"Kama tusingelingana, wangekurudisha nyumbani na figo yako, hata ungelia vipi. Sivyo? Sasa hizi kapsuli, nani kanipimia?"

Bi Nusu alivuta shuka lake hadi kidevuni.

"Zimepimwa kwa damu yako. Kwa figo hiyo uliyobaki nayo. Ukinigawia, wewe unabaki na ugonjwa mzima na dawa pungufu, na mimi nameza kipimo cha mtu mwingine juu ya madawa yote niliyonayo tumboni. Tutaanguka wote wawili. Halafu huyu mke wangu atatuuguza huku anatutukana."

"Nitawatukana kweli," mkewe alisema dirishani, akijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

Kitinda alifungua mkoba, akainua juu kipakiti kidogo, juu ya shuka, ili dada yake akione. "Zangu hizi. Zimeandikwa jina langu. Ni ndogo kuliko zako, na nameza mara moja tu kwa siku, ndivyo walivyopima. Nimeshapata, dada. Huna haja tena ya kunitafutia."

Shuka likashuka. Sauti ikaendelea nyuma yake.

"Mimi natembea na kitu chako kila siku. Nikilala ubavu wa kulia nakihisi. Sijawahi kukuomba kingine, na kile chenyewe sikukuomba, ulikileta. Leo nakuomba. Meza dawa yako yote."

Bi Nusu aligeuza uso ukutani. Mabega yalitikisika, na safari hii hakikuwa kikohozi. Wifi alimwekea mkono mgongoni, akamwacha alie. Baada ya muda sauti ikatoka ndani ya shuka, imekwaruza.

"Leteni mkate."

Kabla hajapewa kitu, wifi alimpigia mfamasia aliyewauzia dawa. Mfamasia alimsikiliza mpaka mwisho. "Asimeze mbili kwa pamoja eti kufidia," alisema. "Hilo ndilo watu wanalokosea. Msimpe kitu kwanza, nimuulize daktari wake." Haikupita nusu saa, daktari mwenyewe akapiga. Hakukaripia. Aliuliza anapumuaje, ametoka upele, anajua leo ni siku gani. Bi Nusu alijibu mwenyewe, tena kwa ukali kidogo, kwamba ni siku ya kupeleka mashati ya ofisi. Daktari akasema hapo akili iko salama. Ameze moja sasa baada ya kula, kisha arudie saa zake za asubuhi na jioni mpaka zote ziishe, na homa ikikataa kushuka arudishwe akaangaliwe kifua.

Kuanzia hapo wifi hakutoka chumbani mpaka aone kapsuli imekwenda chini. "Fungua mdomo. Nyanyua ulimi." Bi Nusu alinung'unika kwamba anafanyiwa kama mtoto. Akaambiwa watoto hawana ujanja kama wake. Tumbo nalo, likishapata mkate na supu kwanza, halikuleta tena fujo.

Homa ilimwachia alasiri moja, mto umelowa chepechepe. Bi Nusu alifumbua macho, akatazama dari kwa muda, akauliza, "Lile shati jeupe, liliungua?"

Wifi akatoka mbio hadi uani. "Anauliza shati," akamwambia mumewe. Kitinda, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake na saa ya mtu wazi mapajani, aliinamisha kichwa, na kwa dakika nzima hakugusa chochote.

Bi Nusu alimaliza dawa zake zote, hata zile za mwisho, alizozimeza akiwa ameshaanza kukunja taulo kitandani. Alibaki mnyonge kwa siku kadhaa, akipiga hatua chache na kukaa. Kitinda hakuugua. Kliniki yake ilimwangalia mara mbili, figo ikakutwa imetulia mahali pake.

Yule dereva wa teksi alikuja kuchukua koti lake, anakohoa, sauti imezama. Aliegemea meza ya pasi akanong'ona, "Bi Nusu, nasikia ulipata dawa kiboko. Kama zimebaki mbili tatu, nigawie."

"Mkate nitakupa," alimwambia, na akaukata pale pale. "Dawa nenda kapimwe. Ile ilipimwa kwa mtu mwenye figo moja. Wewe unazo ngapi?"

Dereva alijishika kiuno. "Sijawahi kuzihesabu."

Alikwenda kupimwa, nafikiri kwa sababu ya swali lile zaidi ya kikohozi. Kumbe yeye hakuwa na homa ya mafua hata kidogo, kifua chake kilikuwa na ugonjwa mwingine, wenye dawa nyingine kabisa. Angemeza kapsuli za dobi angejifariji bure huku ugonjwa unajenga nyumba.

Daktari aliposema sasa hakuna hatari ya kuambukiza, ilikuwa asubuhi ya jua, ua umejaa nguo mbichi. Kitinda aliinama chini ya kamba ya kwanza, akainama chini ya ya pili, akaja hadi mlangoni kwa dada yake bila kitambaa usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama karibu tangu siku ile ya furushi. Alikuwa amekonda kwa mapishi yake mwenyewe. Dada yake alikuwa amekonda zaidi.

Bi Nusu alinyoosha mkono kumpima joto la paji la uso. Kitinda naye, wakati ule ule, alikuwa ameshanyoosha wake. Wakabaki hivyo, kila mmoja na kiganja kwenye uso wa mwenzake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha.

"Mmeshamaliza?" wifi aliita kutoka kwenye mabeseni. "Maji ya kufulia yanapoa."